Plagi Mbili za Moto, Mbili za Baridi

Jumatatu, 4 Agosti

Asubuhi ya kupendeza. Uji umetoka vizuri. Duka limefunguka kwa ufunguo wa kwanza. Nimepiga fotokopi, nimefunika vyeti vya ubatizo kwa plastiki, nimemwandikia mzee mmoja barua ya kulalamika. Hali yangu kwa jumla: nzuri. Kisha nikawasha Katune.

Katune ni gari langu. Jina hilo kwa lugha ya nyumbani ni kale kekundu, ingawa mlango mmoja wa nyuma sasa ni wa kijani. Leo alikohoa. Akatetemeka. Alipofika sokoni akapiga mshindo mmoja, na mama anayeuza ndizi akaketi chini bila kupenda. Nikampungia mkono.

Nikampeleka kwa Mwenda, fundi wetu hapa Kianjai. Akafungua boneti, akachomoa plagi zote nne, akazipanga juu ya gunia. Kumbe kila moja ni ya kampuni yake! Kila aliyemiliki Katune kabla yangu alimwachia moja ya ukumbusho. Mwenda akasema plagi ndiyo inayotoa cheche ya kuchoma petroli, na hizi nne hazijawahi kuelewana. Nibadilishe zote, za aina moja, namba ileile iliyo kwenye kitabu cha gari.

Kitabu ninacho. Ni cha Kijapani. Nimekipiga fotokopi na kukikuza mara mbili. Sasa ni Kijapani kikubwa.

Ingekuwa wiki nyingine ningengoja. Lakini Jumamosi tunaenda Embu, mtaa wa Dallas, nyumbani kwa Mzee Munyi, kumposa binti yake Wamuyu. Anaposwa na mimi! Hii ni safari ya tatu. Ya kwanza Katune aligoma njiani, pale Nkubu. Ya pili nilikosea Jumamosi, tukafika wiki moja baada ya chakula kuliwa. Wamuyu anashona nguo mjini Embu na ana subira kubwa, lakini jana kwenye simu alisema polepole, neno moja moja: "Muthamia, baba amesema safari ya nne haiko." Nampenda sana huyu mwanamke. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayenicheka.

Jioni kikao kwa Baba Mdogo Kaimenyi, ndugu wa marehemu baba. Swali: gari gani litatangulia na kubeba ncoolo? Ncoolo ni kile kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Bila hicho Mmeru hajaposa, amepita tu kusalimia. Binamu yangu Murungi akasema gari lake liko tayari, ni jipya, lina hewa baridi ndani, miraa haitanyauka. Ana tabia hiyo ya kusema mambo yenye maana mbele ya watu. Nikasema bwana harusi hawezi kuingia kwa wakwe akifuata vumbi la binamu yake. Baba Mdogo akafikiri. Akaamua: Ijumaa jioni atakuja kuisikiliza injini ya Katune kwa masikio yake. Ikikohoa, Murungi anatangulia.

Masikio ya Baba Mdogo yamezeeka. Nina matumaini.

Jumanne, 5 Agosti

Murungi alifika dukani kabla sijamaliza chai. Anatabasamu. Akaweka juu ya kaunta pakiti ya plagi nne mpya. Eti jana, wakati sisi tunakula, alitoka nje na tochi ya simu, akasoma namba ya chasi ya Katune, akaituma kwa duka la spea mjini Meru, na plagi zimeletwa leo alfajiri. Zawadi, akasema. Ili nisihangaike wiki ya posa.

Nikamshukuru. Alipoondoka nikafunga duka ili nifikiri. Mtu anayetaka gari lake litangulie, kwa nini anisaidie? Ama plagi ni mbovu, ama ni nzuri, na zikiwa nzuri Dallas yote itajua kwamba ni Murungi aliyenifikisha. Nikazigeuzageuza. Zote nne zilifanana kabisa. Hilo ndilo lililonitia shaka zaidi.

Nikaomba lifti kwenye lori la viazi mpaka Meru. Duka lenyewe liko upande wa Majengo, karibu na mabucha, na mwenye kaunta ni mama anayeitwa Tabby. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza tu, iwapo plagi zote ni sawa. Akasema la. Kuna ndefu na fupi. Kuna nene na nyembamba. Halafu kuna za moto na za baridi.

Za moto na za baridi! Mwenda hakunitajia. Murungi hakunitajia.

Tabby akaeleza mengi hapo. Ya moto hushika joto kwenye ncha, ya baridi hulitoa haraka, na kila injini ina kiwango chake, ambacho walipanga waliolitengeneza gari. Nilisikiliza mpaka aliposema joto. Kuanzia hapo akili yangu ilikuwa tayari inashuka barabara ya Embu.

Tufikiri kidogo. Huu ni mwezi wa nane. Meru mjini watu wanatembea na makoti. Chogoria ukungu unaingia mpaka kwenye kikombe. Hiyo ni nchi ya plagi za moto. Halafu unapita Chuka, unateremka bonde la Thuci, jua linawaka mpaka Embu. Hiyo ni nchi ya plagi za baridi. Mtu wa kiwandani Japani atajuaje mambo haya? Hajafika hata Kianjai. Plagi za aina moja zinamfaa mtu anayeoa karibu. Mimi naoa Embu!

Nikamwambia Tabby anibadilishie zile nne, anipe mbili za moto na mbili za baridi. Akanitazama. Akachukua moja ya zile za Murungi akaiinua mbele ya macho yangu.

"Hizi ndizo za gari yako," akasema. "Binamu yako alituma namba ya chasi, nikaangalia mimi mwenyewe. Mbili-mbili sijawahi kuuzia mtu."

Nikamwambia ataanza na mimi. Akasema akishanibadilishia asione nimerudi na malalamiko. Nikasema sina malalamiko, nina mpango. Akanibadilishia, lakini hakunitakia safari njema.

Nimerudi nyumbani nikiwa na furaha. Nimenunua na avokado njiani.

Jumatano, 6 Agosti

Mwenda amekataa kuzifunga. Alisoma namba za pembeni, akanirudishia plagi kwa ncha za vidole. Akasema aliwahi kuona mtu amevaa gambuti mguu mmoja na patipati mguu wa pili, ila huyo alikuwa amelewa. Nikamweleza kuhusu ukungu wa Chogoria. Akasema anaenda kunywa chai. Akaenda kunywa chai na hakurudi.

Basi, mimi mwenyewe. Kazi hii inataka spana ndefu ya plagi. Hapa Kianjai, ukimtoa Mwenda, mwenye spana hiyo ni mtu mmoja. Ndiyo. Murungi. Akaileta mwenyewe, imepanguswa, imepakwa mafuta, akataka na kunisaidia kufunga. Hilo halikuwezekana, angeziona. Nikamwambia ni desturi bwana harusi afunge plagi kwa mkono wake. Akasema hajawahi kuisikia desturi hiyo. Nikasema ni ya upande wa mama. Akaniomba radhi akaondoka.

Shida ya pili: zipi ziende wapi? Tabby hakusema. Nikaamua za moto zikae mbele, upande unaopigwa na upepo, zipambane na baridi kwanza. Za baridi zikae nyuma, karibu na dereva, nisipate joto miguuni. Nikakaza mpaka spana ikalia. Nikashika ufunguo. Nikaomba kidogo.

Katune akanguruma! Laini kabisa. Hakuna kikohozi, hakuna mshindo. Nimezunguka soko vioo vikiwa chini. Mama wa ndizi hakuketi. Watu wawili wameniuliza kama nimebadilisha injini, nikawajibu kwa tabasamu tu, jinsi wakubwa wanavyojibu.

Nikampigia Wamuyu kumwambia gari liko sawa. Akauliza nani amelitengeneza. Nikasema ni fundi mmoja makini sana.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimelala vizuri, nimeamka vizuri. Hatari iliyobaki ni moja tu: gari la Murungi linapendeza. Baba Mdogo ana masikio yaliyozeeka lakini macho yake bado yanafanya kazi. Lazima jambo lifanyike.

Gari la Murungi ni jeusi. Nilijua mahali pa kulisemea hilo. Nikachukua sukari na avokado zilizobaki nikaenda kwa Shangazi Gatakaa, dada mkubwa wa baba, ambaye ndiye atakayeipakata ncoolo safari yote. Tukaongea habari za mahindi. Tukaongea habari za goti lake. Katikati ya goti nikataja, kama kwa bahati, kwamba gari jeusi linanikumbusha lile lililombeba marehemu baba. Shangazi akaweka kikombe chini. Akasema atazungumza na Murungi leo leo. Nikarudi nyumbani napiga mluzi.

Saa za mchana nikasikia kelele sokoni. Nikatoka. Murungi alikuwa amepokea maneno ya Shangazi kwa unyenyekevu, akaenda akanunua riboni nyeupe na maua, akalifunga gari lote kuanzia boneti mpaka nyuma. Linang'aa. Wasichana wanapiga nalo picha. Shangazi mwenyewe alikuwa amesimama kando, anapiga makofi, anasema sasa hilo ndilo gari la posa.

Kisha akamwagiza aniletee riboni iliyobaki, nami nipambe langu. Ilibaki moja. Nimeifunga kwenye kioo cha pembeni. Lazima niseme kweli, imemkubali Katune.

Jioni Mwenda alipita, akasimama kusikiliza injini, akauliza safari ni lini. Nikamwambia. Akasema atatukumbuka kanisani.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya mtihani. Baba Mdogo alikuja na kigoda chake na fimbo. Akakaa mbele ya boneti. Akataka watu wote wanyamaze, pamoja na mbuzi wa jirani, ambaye ilibidi aondolewe. Nikawasha.

Akasikiliza. Akaniashiria nikanyage mafuta, nikakanyaga. Akaniashiria niachilie, nikaachilia. Akaweka kiganja juu ya boneti kama daktari. Mwisho akasema injini imetulia kuliko mwenyewe, na kesho Katune anatangulia. Watu wakapiga makofi. Wa kwanza alikuwa Murungi. Sijui anapanga nini.

Baba Mdogo akatoa masharti. Ncoolo inapanda hapa kwenye mapaja ya Shangazi, inashuka kule kwenye mikono ya Mzee Munyi. Haihamishwi njiani kutoka gari moja kwenda jingine kama kabichi. Na gari lililotangulia kutoka ndilo litakalotangulia kuingia langoni, wakwe wasije wakafikiri tulibishana njiani. Hakuna aliyeuliza itakuwaje gari likiharibika. Nami sikuona sababu ya kuwapa wazee wasiwasi.

Nimenyoa. Nimepiga suti pasi. Nikampigia Wamuyu. Akasema shangazi zake wameanza kumenya ndizi, na baba yake ameazima viti kanisani. Halafu akashusha sauti.

"Kuja tu," akasema. "Hata kama ni kwa miguu, wewe kuja."

Macho yakanilowa. Nikamwambia tutafika kabla ya chakula, na tutafika kwa gari.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa Embu, kibarazani kwa Mzee Munyi. Nimeshiba. Nimevua kiatu kimoja. Mambo yamekwenda vizuri, kwa jumla.

Tulitoka Kianjai asubuhi. Mbele Katune: mimi kwenye usukani, Baba Mdogo kando yangu, Shangazi nyuma amekumbatia ncoolo. Nyuma yetu Murungi na wazee watatu katika lile shamba lake la maua. Meru mjini tukapita bila neno. Nkubu, mahali Katune aligoma siku ile, nikapapigia honi. Chogoria ukungu ulikuwepo, kama nilivyosema! Nikamwambia Baba Mdogo hapa ndipo za moto zinafanya kazi. Akauliza za moto nini. Nikasema hapana, ni mambo ya injini.

Baada ya Chuka tukakwama nyuma ya lori la mbao, mwendo wa jongoo. Katune akakohoa. Kikohozi cha adabu tu. Nikawaambia anabadilisha, anaacha za moto anashika za baridi. Shangazi akauliza tangu lini gari linabadilisha. Tukavuka daraja la Thuci, tukaanza kupanda upande wa pili, na hapo ikaja sauti mpya, kama mawe ndani ya debe. Kisha kikohozi. Kisha vyote viwili pamoja. Katikati ya mlima, kimya.

Murungi akasimama nyuma yetu. Akashuka na maji, vifaa, na vile vibao vyekundu vya pembetatu vya kuweka barabarani. Anavyo viwili. Akaangalia chini ya boneti, halafu akaniuliza mbele ya wazee wote, kwa upole, iwapo nilifunga zile plagi alizoniletea.

Wazee wakanigeukia. Baba Mdogo akanigeukia. Nikasema nilifunga plagi nne mpya. Kila neno ni la kweli.

Murungi akainamisha kichwa. Akawaambia wazee kosa ni lake. Yeye ndiye aliyechagua plagi, lazima alisoma namba vibaya kwa tochi, anaomba msamaha kwa kuiharibu siku yangu. Wazee wakamkemea kidogo. Baba Mdogo akamwambia asiyejua jambo aulize wanaojua. Mimi nikatazama mto. Kuna kitu kilinichoma kifuani hapo. Nilidhani ni uji wa asubuhi.

Tukafanya kikao kando ya barabara. Ncoolo haihamishwi. Murungi ana kamba ya kuvutia gari, bila shaka, huyu mtu ana kila kitu na inachosha. Lakini akituvuta, yeye ndiye atakayekuwa mbele. Wakabishana. Jua likapanda. Shangazi, ambaye hakuwa ameshuka, akasema kupitia dirishani kwamba wakwe hawaoni barabara, wanaona lango. Atuvute mpaka kona ya mwisho, afungue kamba, halafu wanaume wamsukume Katune aingie kwanza. Baba Mdogo akasema ndivyo alivyokuwa akifikiri.

Tukapita Runyenjes tukivutwa na gari lenye maua. Watu wakampigia Murungi vigelegele wakidhani ndiye bwana harusi. Nilivumilia.

Kwenye kona ya Dallas kamba ikafunguliwa. Wazee wakavua makoti, Baba Mdogo akaweka fimbo ndani, Murungi akaingia katikati yao, wakasukuma. Mvua ilikuwa imenyesha jana, barabara ni tope. Wanawake wa Embu wakatuona wakaanza kuimba langoni. Ikapendeza sana. Nikaanza hata kutabasamu. Kumbe lango la Mzee Munyi liko juu ya mteremko. Katune akapunguza mwendo, akasimama, akaanza kurudi nyuma juu ya wazee wangu. Nikakanyaga breki.

Nyimbo zikakatika. Mzee Munyi alikuwa amesimama langoni, mikono nyuma, anatutazama. Nikaona ndani kwake watu wakianza kupanga sahani. Nikahesabu safari: ya tatu ndiyo hii. Hapa hapa, mbele ya lango, ndipo ninapomkosa Wamuyu. Niliogopa. Si woga wa kuchekwa, huo nimeuzoea. Niliogopa kweli.

Kwa desturi yao Wamuyu alitakiwa akae ndani na wasichana wengine mpaka aitwe. Akatoka. Alikuwa na gauni la manjano alilolishona mwenyewe, shangazi mmoja amemshika mkono wa gauni anamvuta arudi. Akapita dirishani kwangu bila kunitazama. Akaenda nyuma, akaweka mikono kando ya taa ya nyuma iliyovunjika, karibu na Murungi. Wanawake wengine wakaona, wakamfuata. Nikaachilia breki, na Katune akaingia kwa Mzee Munyi kwa kasi ambayo hajawahi kuipata kwa injini. Nimegonga kiti kimoja tu.

Shangazi akashuka na ncoolo. Mzee Munyi akaipokea kwa mikono miwili, akasema yeye ni mtu wa muguka, ile miraa ya majani ya Embu, lakini ataijaribu hii binamu yake. Hata hivyo hakutukaribisha kukaa. Aliuliza kwanza gari lina shida gani. Ndipo Murungi akajitokeza, tope mpaka magotini, akasema tena kosa ni lake, yeye ndiye aliyenunua plagi.

Mzee Munyi akamtazama sana. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nakagua kiatu changu.

"Mimi sikuwa naangalia gari," akasema. "Gari hata mimi sina. Nilitaka nione Muthamia anakuja na watu wa aina gani. Huyu anasimama mbele yangu na tope, anabeba lawama ya siku ya mwenzake. Watu kama hawa naweza kuwapa binti. Karibuni mkae."

Nimekubaliwa! Wamuyu ni wangu! Na kama plagi zangu zingefanya kazi, nani angesukuma? Mpango umefaulu, ingawa kwa njia ambayo sikuipanga yote.

Baada ya chakula jirani mmoja ambaye ni fundi alikuja akachomoa plagi akazipanga juu ya gazeti. Murungi alikuwa ndani anaongezwa nyama, bahati nzuri. Wamuyu alikuwa amesimama hapo na sahani yangu. Plagi mbili zilikuwa nyeupe kama chaki, zimeungua. Mbili nyeusi tititi kwa masizi. Fundi akauliza nani alifunga mchanganyiko huu. Wamuyu akainama akasoma namba, moja baada ya nyingine. Huyu ni mtu anayelinganisha uzi na kitambaa kutwa. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama hizi ndizo Murungi alizoleta. Nikachukua plagi moja nikaanza kuipangusa masizi kwa kidole.

"Utamwambia wewe mwenyewe," akasema. "Kabla ya harusi. Mtu anaachia mwenzake lawama na amenyamaza, mimi siwezi kukaa na huyo."

Halafu akanipa sahani. Ameniwekea kipande kikubwa kuliko vyote. Mpaka sasa sijui nifikirie maneno au nyama.

Jumatatu, 11 Agosti

Nyumbani. Yule fundi wa Embu alifunga plagi nne za aina moja, na Katune ameturudisha Kianjai bila kukohoa hata mara moja, kwenye joto la Thuci na kwenye ukungu wa Chogoria vilevile. Nimelifikiria sana jambo hili. Jibu ni kwamba injini ilikuwa imepumzika. Tena kurudi unaanza na joto unamalizia na baridi, jambo ambalo gari hulipenda. Kosa langu lilikuwa moja: sikuzipishanisha. Moto, baridi, moto, baridi. Ndivyo ingefaa.

Kuhusu neno la Wamuyu, nitalitimiza. Alisema kabla ya harusi. Hakusema kabla kwa muda gani. Harusi ni Desemba, na mlango wa kanisa uko kabla ya harusi. Nimeshatunga maneno kichwani. Ni mazuri. Karibu na mwisho Murungi ananiomba msamaha tena.

Ila leo asubuhi nilianza kweli! Murungi aliingia dukani, nami nikasema, Murungi, kuhusu zile plagi. Akainua mkono nisiendelee. Akasema tangu Jumamosi hana raha, nusura anikoseshe mke. Ameituma namba ya chasi upya, ameambiwa jibu lilelile, haelewi alikosea wapi. Kwa hiyo amenunua nyingine nne, za aina ileile lakini zile bora zaidi zinazokaa miaka, ili siku ya harusi nisione aibu. Akaziweka juu ya kaunta. Macho yake yalikuwa mekundu. Mtu angefanya nini hapo? Nikazipokea. Nikamwambia nimemsamehe.

Ametoka hapa mwepesi, anasalimia kila mtu. Inafurahisha kumwona ndugu akiwa na amani. Nami nina amani. Uji leo umetoka vizuri sana.

Nimezifungua nikazitazama. Nne, zinafanana kabisa. Sasa, Desemba jua ni kali Kianjai, jua ni kali Embu, na baridi itabaki pale Chogoria peke yake. Hesabu ni rahisi: moja ya moto, tatu za baridi. Kesho nitatoka mapema kwenda Majengo, nimkute Tabby kabla hajapata wateja wengi.